Bido Tupu Halipigi Kura

Nyinyi madobi mnaokuja nyuma yetu, mliniomba niandike mambo ya kazi yangu, na Furaha, niliyemfundisha kazi, akaniletea daftari ili nisipate pa kujifichia. Haya. Shule niliachia mwaka wa tatu, darasa lilipogeuzwa ghala la mihogo, kwa hiyo mkiona mstari wangu unapanda na kuzunguka kama njia ya kwenda Bijombo milimani, msicheke. Ufuateni tu, utafika.

Mshahara tuuache. Vyeo nilipanda kimoja: nilianza nikiwa nimechutama mbele ya beseni, nikamaliza nikiwa nimesimama mbele ya meza ya pasi. Magoti yangu yanakikumbuka hicho cheo kuliko mimi.

Aliyenifundisha ni marehemu Baba Sudi, jirani yetu hapa Kavimvira, mtaa wa Uvira, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mtu mwingine. Alikuwa na pasi ya makaa, ile yenye jogoo wa chuma mbele wa kufungia kifuniko. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuigusa. Alinionyesha namna ya kupika amido, wanga wa kukazia nguo, kwa unga wa muhogo mpaka uwe kama uji wa mgonjwa, namna ya kujaribu moto wa pasi juu ya jani la mgomba, na namna ya kupuliza majivu. “Usipulize kuelekea shati,” aliniambia. “Puliza kuelekea adui yako.” Miaka yote nimepulizia upande wa duka la shemeji yangu Kasimu, na mtaona kwamba sikukosea sana.

Siku aliponiachia pasi mwenyewe, akaenda nyumbani kula, niliunguza suruali ya bwana harusi. Harufu ilimfikia akiwa na tonge mkononi. Alikuja mbio na kandambili moja, akaninyang'anya pasi, na sikuigusa tena mwezi mzima. Wekeni hiyo suruali pembeni, nitairudia.

Sababu kusoma kulinipita kando, nguo za watu nilizitambua kwa nyuzi. Kila mteja ana rangi yake, nashona mshono mmoja ndani ya kola. Nyekundu ya mwalimu, kijani ya muuza samaki, nyeusi na nyeupe ya yule mwenye wake wawili. Na kabla ya kuloweka, ingiza mkono mifukoni. Nimekuta mule risasi, rozari, meno ya bandia, na barua ya mapenzi iliyoandikwa kwa mke wa mtu ambaye nguo zake zilikuwa ndani ya beseni hilo hilo. Dobi anajua yote na hasemi kitu. Mimi nilisema mara mbili tu, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Nimefua magwanda ya majeshi manne. Wa kwanza walikuja bila kuitwa, wakasema wanatusaidia kumtoa mukubwa mbaya na kutuletea demokrasia. Wa pili walikuja kuwatoa wa kwanza. Wa tatu ni wetu, na wale wa nne walitoka mbali sana, wakaitwa na wakubwa wa dunia waje kutulinda. Inchi yao siitaji, juu ya vile walinilisha wali. Wote, kila mmoja kwa lugha yake, walisema wanakaa kidogo tu. Sikilizeni mzee: mgeni mwenye bunduki ukitaka kujua atakaa muda gani, usimuulize. Hesabu blanketi anazoleta kufuliwa.

Nguo haijui uongo. Tope la Bijombo ni jeusi na linashika kama dawa ya kienyeji. Vumbi la Luvungi ni jeupe, ukipiga shati kofi linatoka lote. Askari akikuambia kwamba wiki nzima alikuwa kambini anasali, na suruali yake ina tope la Bijombo mpaka magotini, unamwambia “Mungu akubariki” na unaongeza sabuni.

Wale wa nne walijenga kambi hapa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Walichimba kisima kirefu, na mkubwa wao mmoja mwenye huruma alipitisha mrija chini ya ukuta ukatokea nje, wakatuwekea robine, bomba la maji. Yenye mlango mdogo wa chuma na kadena, kufuli lake, na ufunguo kwa sajini. Mtu asiyetoka hapa atasema, robine ni nini? Ndugu yangu, kabla ya hiyo robine tulikunywa ziwa, na ziwa lilitunywa sisi. Kila masika kipindupindu kilipita nyumba kwa nyumba kama mtoza kodi. Mama Nyota, mwuza mboga za lengalenga wa mtaa wetu, mkulima wa bonde la Ruzizi aliyehamia hapa na Kirundi chake na jembe lake, alizika watoto wawili masika moja. Baada ya robine hakuna aliyezika mtoto kwa ugonjwa ule mtaani kwetu. Basi, sasa mnajua robine ni nini.

Foleni ya pale ilikuwa na sheria moja, na hakuna aliyeitunga: bido lako, dumu lako la maji, ndilo weye. Unaliweka kwenye mstari asubuhi, unaenda shambani, unaenda kanisani, unaenda kugombana, na ukirudi unalikuta pale pale, limesogezwa na wenzako. Kuruka bido la mtu ni sawa na kumsukuma kifua. Nimeona watu wakichukuliana wake. Bido la mwenzake sikuona mtu akilipita.

Na mimi meza yangu ya pasi ilikuwa hapo hapo, hatua kumi kutoka robine. Kwa hiyo wenye kungojea maji waliizunguka, na palema, bunge la mtaa, ikafunguka bila kibali cha serikali. Mada ilikuwa moja kila alasiri: hawa askari wa kigeni watoke au wakae? Na wakitoka, hiyo demokrasia itabaki au itapanda kamiyo, yale malori yao, pamoja nao?

Prezida wa palema alijichagua mwenyewe. Ni Mwalimu Eliya, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, uzi mwekundu.

“Watoke kesho!” alikuwa anasema huku anapiga meza yangu, makaa yanaruka. “Muntu mwenye bunduki ya kigeni hawezi kukufundisha kupiga kura. Unachagua nini wakati mwenzako iko anakulinda kama mbuzi?”

“Watoke, halafu?” Huyo ni shemeji yangu Kasimu, kaka ya mke wangu, mwenye duka la mabido na masufuria. Ukoo wao ulikuja na biashara ya ziwa enzi za mababu, na Kasimu bado anatembea kama msafara uko nyuma yake. “Barabara ya Luvungi utailinda na chaki yako?”

“Miaka yote hii wanailinda, na weye mabido yako yameibwa humo mara ngapi?”

“Mara tatu. Bila wao ingekuwa mara saba.”

“Aha! Uhuru wako ni mabido manne, Kasimu!”

Watu wanacheka, mimi natandika shati lingine. Siku moja sajini mwenyewe alikuja kuchukua nguo zake. Tulimwita Masharubu, na mnaweza kubuni kwa nini. Mwalimu alimkabili: “Sajini, sema mbele ya wananchi. Mutatoka lini?”

Masharubu alijifunza Kiswahili kwa mpishi, kwa hiyo alisema kama mtu anayeagiza chakula. “Tutatoka,” akasema. “Pole pole. Hatua kwa hatua. Hali ikiruhusu.”

“Hali gani?”

“Hali,” akasema Masharubu, akachukua mashati yake, akaenda.

Siku hiyo Mama Nyota, aliyekuwa amekaa juu ya bido lake, alifungua mdomo. “Nyinyi wanaume munasema demokrasia, demokrasia. Minye sijaionaka. Nimeona robine. Wakienda, robine iko ya nani?”

Palema nzima, miezi na miezi ya hotuba, na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Ila nadhani Kasimu alikuwa amekwisha kujiuliza peke yake, juu hakushangaa vya kutosha.

Sasa nikiri kosa. Mwaka mmoja kabla, kambi nzima ilileta magwanda ya sherehe kwa wakati mmoja, amido mpaka yasimame yenyewe. Nikapiga hesabu zangu za kidobi, nikatangaza kwenye meza: hawa wanaaga! Mama Nyota alikuwa analima lengalenga kwa jiko la kambi. Alinisikia, akang'oa shamba zima, akapanda muhogo. Kumbe jenerali wao alikuwa anakuja kutembea. Alikuja, akasalimu, akanywa chai, akaenda. Jiko likanunua lengalenga kwa mtu mwingine msimu mzima. Tangu siku hiyo Mama Nyota akinisalimia alikuwa ananisalimia kama anamsalimia mtu aliyesimama nyuma yangu.

Kwa hiyo mjue nilivyoteseka asubuhi ile Masharubu alipoleta furushi, nikalifungua, nikapigwa na harufu ya naftalini. Makoti. Makoti mazito ya sufu, yaliyokaa chini ya sanduku tangu waje. Kesho yake yakaja ya koplo. Kesho kutwa ya wapishi. Joto la Uvira mnalijua: hapa hata mjusi anatafuta kivuli. Mtu anayefulisha koti la baridi Kavimvira, akili yake imeshapanda ndege.

Nikaenda kwa Mama Nyota mwenyewe, shambani.

“Wanatoka,” nikasema. “Safari hii kweli.”

Aliendelea kulima. “Weye tena? Nani anakuja sasa, Papa wa Roma?”

“Mama Nyota, wamefulisha makoti.”

Jembe likasimama. Huyu mama hakusoma hata kama mimi, lakini alielewa haraka kuliko Mwalimu, ambaye ilibidi nimweleze mara mbili. Siku ile ile tukamzingira Masharubu. Akakataa, akakohoa, akatazama koti lake likiwa limening'inia kwenye kamba yangu kama shahidi, akakubali. Wana wiki tatu. Kambi itarudishwa kwa wenye inchi, na kwa robine ya nje mkubwa wake anataka jina moja la kukabidhi ufunguo, mtu aliyechaguliwa na mtaa. Wasipopata jina, watafunga mrija ndani ya ukuta.

Palema ikakaa siku hiyo mpaka makaa yakazima. Waliotaka ufunguo walikuwa wawili. Kasimu alisema ataweka mlinzi na utaratibu, na kila mtu akajua utaratibu ni kuuza maji. Mama Nyota alisema yeye atafungua asubuhi na kufunga jioni, basi, hana hotuba.

Mwalimu alitaka kura za siri, karatasi, sanduku. Karatasi hatukuwa nazo, na nusu ya mtaa hawaandiki. Nani atawasomea? “Mimi,” akasema Mwalimu. Watu wakacheka mpaka akaona haya. Hapo ndipo mimi, dobi wenu, nilipotoa akili yangu kubwa.

“Hapa,” nikasema, “bido ndilo mtu. Si ndivyo tulivyozoea? Basi kila mmoja apange bido lake nyuma ya anayemtaka. Tuhesabu mabido.”

Wakashangilia! Nilisifiwa siku mbili, na zilikuwa siku nzuri. Wakaniteua niwe mwamuzi, juu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasimama kwenye palema wakati wote, ingawa nilisimama kwa ajili ya pasi.

Jumamosi asubuhi, mstari wa Mama Nyota ukaanza: mabido ya njano yaliyochakaa, lingine limezibwa na kipande cha kandambili, lingine halina mfuniko. Mstari wa Kasimu ulikuwa mfupi. Halafu ikaja kamiyo. Ikarudi nyuma, pii-pii-pii, ikashusha mabido sitini mapya, yana karatasi za dukani bado. Vibarua wawili wakayapanga nyuma ya Kasimu kama gwaride.

“Hii si demokrasia!” Mwalimu alipiga kelele. “Hii ni duka!”

“Bido ni bido,” akasema Kasimu kwa utulivu. “Sheria ni ya dobi. Muulizeni dobi.”

Wote wakanigeukia. Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo mke wangu tu analijua. Dobi ana mabido mengi, ni chombo cha kazi. Yangu yalikuwa kumi na moja. Na kumi na moja yote yalikuwa kwenye mstari wa Kasimu. Msinitazame hivyo. Ni kaka ya mke wangu, na alikuwa ameniahidi kuchota wa kwanza kila asubuhi. Mwamuzi wenu alikuwa amepiga kura mara kumi na moja kabla ya chai.

Kasimu akanisogelea. “Shemeji,” akaninong'oneza, “dada yangu anakupikia vizuri?”

“Vizuri sana.”

“Uendelee kula vizuri.”

Ndipo Mama Nyota akapita katikati yetu, akafika kwenye robine, akafungua maji mpaka mwisho. “Bido tupu si muntu,” akasema. “Muntu iko na uzito. Yajazwe yote. Halafu kila mutu abebe bido lake ku kichwa, avuke nalo barabara. Litakalovuka ndilo kura.”

Watu wakaelewa mmoja mmoja. Bido lililojaa lina kilo ishirini. Mwanamke wa Kavimvira analipandisha kichwani huku anaongea na jirani. Lakini hata awe nani, kichwa ni kimoja.

“Na wazee?” akauliza Mwalimu. “Na wagonjwa?”

“Washikiwe. Waguse mupini tu.”

“Dobi, amua!” watu wakapiga kelele.

Nilitazama mabido yangu kumi na moja. Nilimtazama Kasimu, nikafikiria chakula changu cha mchana. Kisha macho yangu yakaangukia mikono ya Mama Nyota iliyokuwa inalowa, na sikuweza kutofikiria ile masika yake. Nikasema, “Yajazwe.”

Mlitakiwa muwepo. Bibi Asha, ambaye hasikii wala haoni vizuri, alibebewa na wajukuu watatu, yeye akaweka kidole kimoja kwenye mpini na kuimba njia nzima. Mwalimu Eliya alilipandisha lake kichwani mara ya kwanza maishani, likammwagikia, akavuka nusu bido na nusu heshima, tukamhesabia. Kasimu alibeba moja, na mkewe moja, na vibarua wake moja moja. Mabido mengine yalibaki barabarani yakimeremeta kama ng'ombe waliopotelewa na mchungaji.

Zamu yangu ilipofika, mgongo ulikataa. Nililipandisha mpaka begani, likashuka. Nikalipandisha tena. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwishowe nilivuka nimelikumbatia tumboni kama mke wa mtu. Nililipeleka kwenye mstari upi? Kura ni siri. Waliokuwa pale ni watu mia tu.

Mama Nyota alishinda. Nyumbani nilikula ugali mkavu wiki nzima.

Siku ya kuondoka, makamiyo yalijipanga kuelekea uwanja wa ndege, na watu walikuja kutazama, wengine wanashangilia, wengine wanalia, na Mwalimu Eliya, aliyedai watoke kesho kwa miaka yote ile, alisimama na kitambaa machoni akisema ni vumbi. Masharubu alimkabidhi Mama Nyota ufunguo. Kisha akanipa mimi koti lake. Koti la sufu, Uvira! Baadaye nilimpelekea binamu yangu anayechunga Bijombo, na kule analivaa mpaka kitandani.

Kesho yake walikuja watu wawili wenye bunduki kuuliza ufunguo. Sitasema walikuwa wa nani. Nguo zao nilikuwa bado sijazifua. Mama Nyota aliuweka ufunguo kwenye uzi shingoni, ndani ya blauzi, akawaambia: “Ufunguo uko wa mabido. Muko na bido?” Hawakuwa nalo. “Basi muende mulete, mupange.” Nilikuwa nimeshika pasi, na nawaambia ukweli, nilisahau kuangalia ninakopulizia, majivu yakanimwagikia. Wale watu walitazamana. Nyuma ya Mama Nyota mstari ulikuwa mrefu, na hakuna aliyeondoka. Wakaenda. Wakarudi na bido. Wakapanga. Walikuwa wa thelathini na kitu, nao wakangoja.

Mngedhani habari inaishia hapo. Palema ilidhani hivyo. Mwalimu alitoa hotuba kwamba jeshi la kigeni limeondoka na demokrasia imebaki. Lakini kazi ya kufua imenifundisha kwamba doa la kweli linaonekana nguo ikishakauka.

Mwaka ulipokwisha tukapanga mabido tena. Kasimu alikuwa amejifunza. Mwaka mzima aliwabebea vikongwe maji kwa mikono yake, akanenepa mabega, akawazibia watu mabido yao bure. Na Mama Nyota, tuseme ukweli, alikuwa mkali. Alikuwa anawafokea watu mstarini, anawafungia maji waliochelewa. Mabido yakavuka barabara, na Kasimu akashinda, kihalali, kwa jasho.

Mama Nyota hakutoa ufunguo.

“Nitatoka,” alisema. “Pole pole. Hatua kwa hatua. Hali ikiruhusu.”

Siku ya kwanza watu walicheka, juu waliitambua ile sauti. Siku ya pili alimkabidhi Kasimu kadena bila ufunguo, akasema hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Kasimu alianza kusema kwamba anajua watu wawili wenye bunduki.

Nikamwendea shambani, kama siku ya makoti.

“Hali gani unangojea?” nikamuuliza.

“Kasimu atauza maji, Muzee. Weye unamujua, umeoa kwao.”

“Akiuza, mwaka ujao mabido yatamutoa.”

“Na asipotoka?”

“Ndiyo maana lazima weye utoke. Yule hajaona bado muntu akiachia kintu alichokishika. Nani atamuonyesha? Minye mwenyewe nimetazama majeshi manne, sijaona.”

Alikaa juu ya tuta, akachezea ule uzi shingoni. Watoto wake wawili walikuwa mle kwenye ufunguo, nilijua, na nilijiona mjinga kusema maneno ya palema mbele yake. Halafu akaniangalia, na safari hii aliniangalia mimi, si mtu aliye nyuma yangu.

“Na weye?” akasema.

“Mimi nini?”

“Furaha unamuambiaka kila mwaka utamuachia meza. Miaka mingapi sasa? Mwanamuke ana watoto watatu, anafua vizuri kukupita, na weye iko unamupa beseni tu. Pasi hutoi. Kwa nini hutoi?”

Nikafungua mdomo kujibu, na Mungu shahidi yangu, jibu lililokuja lilikuwa hali haijaruhusu. Nikaufunga. Furaha alikuwa amefua na mimi miaka saba. Kila Ramadhani nilimwambia baada ya Idi. Kila baada ya Idi nilimwambia amido yake bado ni nyepesi. Amido yake haikuwa nyepesi.

“Tutoke siku moja,” akasema Mama Nyota, na akaanza kucheka taratibu, kama mtu aliyepata panya kwenye mtego. “Weye na minye. Mbele ya mabido.”

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na barua, hapakuwa na cheti. Asubuhi ya Jumatatu, mstari mzima ukitazama, Mama Nyota alivua ufunguo shingoni akaupeleka kwa Kasimu. Alimshikilia mkono kidogo kabla ya kuachia, akamwambia kitu sikioni, na Kasimu, ambaye hashtuki kwa lolote, aliinamisha kichwa. Mpaka leo hajauza maji. Mimi nilichukua pasi ya Baba Sudi, jogoo wake mbele, bado ya moto, nikamkabidhi Furaha. Aliipima uzito, akafungua kifuniko, akapuliza majivu. Aliyapulizia upande wangu.

Sasa nakaa nyumbani, na palema inanijia huku, juu mimi ndiye nina kivuli. Mwalimu Eliya ananiuliza kila wiki: je, demokrasia itaishi bila wale wageni? Namwambia sijui. Ninachojua ni kwamba mwaka ujao nitapeleka bido moja. Moja, Mwalimu, acha kunitazama.

Lakini nilisema nitairudia ile suruali. Wiki ya kwanza baada ya kutoka, nilikuwa nakula, na upepo wa ziwa ukaniletea harufu ya kitambaa kinachoungua. Pamba, kola, pasi imekaa muda mrefu mno. Pua hii haikosei. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kandambili. Mke wangu aliacha kutafuna, akanitazama.

Nikautoa mguu. Nikachovya tonge kwenye mchuzi, nikala, na harufu ikaendelea, kisha ikaisha yenyewe.